Jina Moja kwenye Hati: Mirathi ya Ploti za Kawangware 56

Kawangware 56, mtaa wa Nairobi ambao jina lake limebeba nambari ya njia ya matatu, umejengwa juu ya ardhi yenye wenyewe, na katika jambo hilo unatofautiana kabisa na Kibera iliyo jirani. Kabla ya ukoloni sehemu hii ya Dagoretti ilikuwa ya mbari za Wakikuyu, yaani koo ndogo zinazotokana na babu mmoja, na ardhi ya kila mbari, iliyoitwa githaka, iliangaliwa na muramati, ambaye kwa kawaida alikuwa mwana wa kiume wa kwanza, naye alikuwa mtunzaji wala si mwenye mali. Mzee alipofariki, mashamba yaligawanywa kwa nyumba, maana yake kila mke na wanawe walibaki na kipande alichokuwa akikilima mama yao, huku mabinti wakitarajiwa kupata ardhi kwa waume zao. Wosia ulikuwa wa mdomo, nao ulilindwa na kirumi, laana ya mzee anayekaribia kufa kwa yeyote atakayelivunja neno lake, laana iliyofanya kazi ya muhuri na ya shahidi kwa pamoja.

Utaratibu huo ulitikiswa na Mpango wa Swynnerton wa 1954, ambao ulikusanya vipande vilivyotawanyika, ukavipima na kuviandikisha, wakati ambapo Hali ya Hatari ya enzi za Mau Mau ilikuwa imewapeleka wanaume wengi vizuizini. Daftari lilitaka jina, na mara nyingi lililoandikwa likawa la mtu mmoja. Kisha Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ya 1963 ikamwita mtu huyo mmiliki kamili. Mtunzaji akageuka mwenye mali kwa wino tu, na ndugu zake wakawa, machoni pa sheria, watu wanaoishi kwa hisani yake. Katika miaka ya 1970 majaji walikinzana, baadhi wakisema usajili umefuta haki zote za kimila, wengine wakimwona mwenye hati kuwa mdhamini wa familia nzima, na ni mwaka 2018 ndipo Mahakama ya Juu ilipotamka kwamba udhamini wa kimila unaweza kuishi chini ya hati. Kwa familia nyingi uamuzi huo ulikuja baada ya shamba kuuzwa.

Mipaka ya Nairobi ilipopanuliwa 1963 na kuimeza Dagoretti, shamba likawa ploti. Palipokuwa na mahindi pakasimama vyumba vya mabati, futi kumi kwa kumi, safu mbili zinazotazamana kwenye ujia mwembamba, bomba moja na choo kimoja mwishoni. Mali ya namna hii haigawanyiki kwa jembe. Kinachogombewa ni kodi ya kila mwezi, na anayeikusanya ndiye mrithi wa kweli, hata kama hati ingali na jina la marehemu.

Sheria ya Urithi, iliyopitishwa 1972 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, iliwatambua mabinti kuwa watoto sawa na wavulana, ikakubali wosia wa mdomo mbele ya mashahidi wawili, lakini ikauwekea masharti kwamba mtoaji afe ndani ya miezi mitatu. Kirumi hakikujua kikomo cha namna hiyo. Asiyeacha wosia huwaachia wanawe safari inayoanzia kwa barua ya chifu na kupitia tangazo la siku 30 katika Gazeti Rasmi.

Kibera ilikwenda njia nyingine. Wanubi, askari wa Kiafrika waliotoka Sudan pamoja na vizazi vyao, walitengewa ekari 4,197 zilizotangazwa rasmi 1918, lakini Tume ya Carter, tume ya kikoloni ya ardhi, iliwaona kuwa wapangaji wa Taji la Uingereza, wasio na miliki. Walichoweza kurithisha ni nyumba bila kiwanja chake, nayo iligawanywa kwa fungu la Kiislamu: binti nusu ya fungu la mwana, wasia usiozidi theluthi. Mwaka 2017 serikali iliwakabidhi hati ya ekari 288 kwa jina la jamii nzima, na hati hiyo, ambayo hakuna mrithi mmoja anayeweza kuiuza, inafanana na githaka kuliko hati yoyote iliyoko Kawangware 56.