Draivu ya CD: Ilivyoingia Katika Kompyuta ya Mezani na Ilivyotoka

Mwaka 1985 wachapishaji wa Grolier wa Marekani walichukua ensaiklopidia yao nzima, yenye maneno yapatayo milioni 9, wakaiweka kwenye sahani moja ya plastiki yenye kipenyo cha sentimita 12. Vitabu vyake vilijaza rafu. Sahani ilienea mfukoni, na sehemu kubwa yake ikabaki tupu. Diski kuu ya IBM PC XT, kompyuta ya ofisini iliyotoka miaka miwili kabla, ilibeba megabaiti 10 tu, ilhali sahani ile ilibeba zaidi ya 500. Wingi huo ndio uliomfungulia mlango mgeni aliyekuja kukaa mbele ya kompyuta ya mezani kwa robo karne: draivu ya CD.

Leo mtu akinunua kompyuta mpya ya mezani, mara nyingi hakuti tena kile kidroo cha kuingizia CD. Wapo wanaodhani wamepunjwa. Wengine hawajaona hata kama kuna kitu kimeondolewa. Ili kujua nani ana haki, yafaa kukumbuka draivu hiyo ililetwa kufanya kazi gani, na kazi hiyo ilihamia wapi.

Kwanza, CD yenyewe haikubuniwa kwa ajili ya kompyuta. Ilibuniwa kwa ajili ya muziki. Philips ya Uholanzi iliwaonyesha waandishi wa habari mfano wake mjini Eindhoven mwezi Machi 1979, kisha ikashirikiana na Sony ya Japani kupanga vipimo vya pamoja. Agosti 1982 kiwanda cha Langenhagen, karibu na Hannover, Ujerumani, kilianza kutoa CD za kuuzwa, albamu ya ABBA ikiwa miongoni mwa za mwanzo. Tarehe 1 Oktoba mwaka huohuo Sony ikaingiza sokoni Japani deki yake, CDP-101. Wapenzi wa muziki ndio walioilipia teknolojia hii mpaka ikashuka bei. Leza, iliyokuwa kitu cha maabara, ikawa kifaa kidogo kinachotengenezwa viwandani kwa mamilioni, na hapo watengenezaji wa kompyuta wakaweza kuimudu.

Namna inavyofanya kazi inastahili kuelezwa, maana ndiyo inayoeleza pia jinsi CD zinavyokufa. Ndani ya CD ya kiwandani mna mstari mmoja tu, mwembamba mno, unaoanzia karibu na tundu la katikati na kuzunguka hadi ukingoni. Ungenyooshwa, ungefika kama kilomita 5. Kwenye mstari huo vimegandamizwa vishimo visivyoonekana kwa macho, vikafunikwa na utando wa alumini. Leza inamulika, mwanga unarudi kwa namna moja penye kishimo na kwa namna nyingine pasipo na kishimo, na draivu inasoma tofauti hiyo kama namba. Hakuna sindano inayogusa sahani, kwa hiyo kuichezesha hakuichakazi.

Muziki huvumilia makosa madogo, kwa kuwa sikio halitambui chembe moja ya sauti iliyopotea. Programu ya kompyuta haivumilii. Tarakimu moja ikikosewa, kazi yote inaweza kukwama. Ndiyo maana Philips na Sony walipotunga kanuni za CD ya kompyuta waliongeza ulinzi wa ziada: katika kila fungu la baiti 2,352, ni baiti 2,048 tu zinazobeba data, na nyingine zote ni za kuonyesha mahali na kusahihisha makosa. Uamuzi huo haujulikani na wengi, lakini ndio uliowawezesha wakutubi na madaktari kuiamini sahani iliyozaliwa kwa ajili ya burudani.

Hata hivyo draivu ilikaa miaka kadhaa ikiwa kitu cha maktaba na cha wenye fedha. Mwaka 1991 Microsoft na kampuni wenzake walitangaza vipimo vya kompyuta ya midia anuwai, na draivu ya CD ikawa sharti mojawapo. Mwaka 1993 ukaja mchezo wa Myst, ambao picha zake zisingeenea kwenye disketi, na ikaja Encarta, ensaiklopidia ya Microsoft yenye sauti na video. Disketi ya kawaida ilikuwa na megabaiti 1.44, hivyo CD moja iliyojaa ilikuwa sawa na disketi zaidi ya 400. Kasha la kompyuta nalo halikuhitaji kuchorwa upya. Nafasi ya inchi 5.25 iliyoachwa na disketi za zamani ilikuwapo tayari, draivu ikaingia humo.

Draivu za kwanza zilisoma kilobaiti 150 kwa sekunde, mwendo uleule wa muziki. Kufikia mwanzo wa miaka ya 2000 zilikuwa zikiandikwa 52X, yaani mara 52 ya mwendo huo, sahani ikizunguka kama mara 10,000 kwa dakika na kuvuma chumba kizima. DVD, iliyoanza kuuzwa Japani mwishoni mwa 1996, ilipandisha ujazo hadi gigabaiti 4.7, na Blu-ray ya mwaka 2006 ikafika 25.

Katika Afrika Mashariki, draivu ilipata umuhimu ambao pengine haikuupata kwingineko. Mpaka mkongo wa SEACOM ulipoanza kazi Mombasa na Dar es Salaam mwezi Julai 2009, intaneti ya sehemu kubwa ya ukanda huu ilitegemea satelaiti, ikiwa ghali na ya kusuasua. Kupakua filamu nzima kulikuwa ndoto. Maarifa na burudani vilisafiri kwa sahani. Mwaka 1999 Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani kilianza kusambaza TEEAL, maktaba ya majarida ya kilimo iliyojaza CD zaidi ya 100, kwa ajili ya vyuo na vituo vya utafiti vya nchi zenye kipato kidogo. Mtafiti asiye na mtandao aliweza kusoma makala ambazo chuo chake kisingemudu kuzinunua. Historia za teknolojia zinazoandikwa Ulaya na Marekani husimulia michezo ya video na kampuni zilizotajirika. Kazi hii ya draivu hurukwa, na ni makosa kuiruka.

Mitaani kazi yake ilikuwa kubwa zaidi. Kuanzia Kariakoo, Dar es Salaam, hadi River Road, Nairobi, kompyuta yenye draivu ya kuchomea ilikuwa ajira. Mteja alitaja nyimbo anazozitaka, kijana akazipanga, akachoma CD na kuiandika juu kwa kalamu ya wino. Filamu za Bongo zilikua pamoja na VCD na DVD, na filamu moja mara nyingi ikauzwa kwa diski mbili, sehemu ya kwanza na ya pili. Derek Gaspar Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, alisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili tangu zama za kanda za VHS, na nchini Kenya DJ Afro akajipatia mashabiki kwa kazi kama hiyo. Simulizi za namna hii ni sanaa kamili, yenye utani na maelezo ambayo mtunzi wa filamu hakuyawaza, na nyingi zilienezwa kwa diski za bei ya chini, kibanda hadi kibanda.

Draivu hiyohiyo ndiyo iliyowatoa jasho wasanii. Aliyeweza kuchoma nakala moja aliweza kuchoma elfu, na mwenye kazi asipate senti. Mwaka 2013 Tanzania ilianza kubandika stempu za kodi kwenye bidhaa za muziki na filamu ili halali ijulikane na haramu ijulikane. Lakini miaka hiyohiyo wateja walikuwa wanahamia kwenye flashi na kadi za simu, ambako hakuna pa kubandika stempu.

Kuondoka kwake kulikwenda hatua kwa hatua. Mwaka 1998 Apple iliiondoa disketi kwenye iMac na kuibakiza CD. Miaka kumi baadaye, Januari 2008, Steve Jobs wa Apple alitoa kompyuta ya mkononi, MacBook Air, ndani ya bahasha mbele ya umati, na humo hamkuwa na draivu. Mwaka 2012 iMac mpya, ambayo ni kompyuta ya mezani hasa, ikaiacha pia. Mwaka huohuo Windows 8 ilitoka bila uwezo wake yenyewe wa kuchezesha filamu ya DVD. Windows 10, mwaka 2015, ikauzwa madukani kwenye flashi. Michezo ilikuwa imeshahamia mtandaoni kupitia huduma kama Steam, iliyoanzishwa 2003. Watengenezaji wa makasha wakaitaka ile nafasi ya inchi 5.25 kwa ajili ya feni na vioo.

Kuna jambo ambalo wanunuzi wengi hawaambiwi. Hata anayeweka draivu ya Blu-ray leo hana hakika ya kutazama filamu za 4K alizozinunua kwa halali. Ulinzi wa diski hizo ulitegemea sehemu ya usalama iitwayo SGX ndani ya prosesa za Intel, na Intel iliiondoa kwenye prosesa mpya za kompyuta za mezani. Filamu ipo na draivu ipo, lakini kompyuta inakataa. Hilo ni dhuluma kwa mteja aliyelipa, na linaonyesha kuwa draivu iliyojengewa ndani haitoshi kumhakikishia mtu haki ya kutumia mali yake.

Tatizo kubwa zaidi ni la kumbukumbu. Mwaka 1986 BBC ya Uingereza iliadhimisha miaka 900 ya kitabu cha Domesday, sensa ya ardhi iliyoamriwa na Mfalme William, kwa kukusanya maandishi na picha za maisha ya Waingereza. Zaidi ya watu milioni 1 walishiriki, wengi wao wakiwa wanafunzi. Kazi hiyo iliwekwa kwenye sahani za leza za inchi 12 zilizohitaji mtambo maalumu. Haikupita miaka 20, mitambo ya kuzisoma ikawa adimu, hata ikabidi watafiti wa vyuo vikuu vya Leeds na Michigan wafanye kazi ngumu ya kuzifufua. Kitabu cha mwaka 1086, kilichoandikwa kwa wino juu ya ngozi, bado kinasomeka.

CD na DVD za kuchoma ziko katika hatari zaidi kuliko zile za kiwandani, kwa sababu hazina vishimo. Zina tabaka la rangi ya kikemikali ambalo leza huliunguza, na rangi hiyo hudhoofishwa na jua, joto na unyevu. Kwenye CD, tabaka hilo liko chini tu ya upande wenye maandishi, likilindwa na utando mwembamba, kwa hiyo mkwaruzo wa juu unaweza kuua kuliko wa chini. Hebu fikiria ni harusi ngapi, hitma ngapi, mahafali mangapi na sauti za wazee wangapi wa pwani na bara zimo kwenye sahani za namna hiyo, ndani ya makabati yenye fukuto. Hospitali nazo zimewapa wagonjwa picha za CT scan kwenye CD, na picha ya zamani ni msaada mkubwa kwa daktari anayelinganisha.

Kwa hiyo aliyenunua kompyuta ya mezani isiyo na draivu hakupunjwa. Draivu ya nje ya USB inatosha, inatumika kwenye mashine yoyote, na moja inaweza kuhudumia ukoo mzima, shule au maktaba ya kata. Ila isichukuliwe kuwa itapatikana daima. Sony iliacha kutengeneza diski tupu za Blu-ray Februari 2025, na biashara hii inazidi kupungua. Mwenye sanduku la CD za familia asingoje: aazime au anunue draivu hiyo, anakili kila kitu kwenye diski kuu mbili tofauti, moja akae nayo na nyingine ampe ndugu wa nyumba nyingine. Aanze na zile zilizochomwa nyumbani, kwani ndizo zinazotangulia kuharibika.