Dumuzi: alikotoka, alivyofika kwetu, na kwa nini dari la jiko halitoshi tena



Wiki iliyopita mama mmoja wa hapa Busale aliniita nikamwangalie mahindi yake. Aliyahifadhi na maganda yake juu ya dari la jiko, kwenye moshi. Tulipoyashusha, unga ulimwagika mpaka kwenye kanga yake. Akaniuliza: "Bwana shamba, mwanangu, mama yangu alihifadhi hivi hivi na tulikula mpaka msimu mwingine. Mimi nimekosea wapi?"

Hakukosea, alifanya alivyofundishwa. Kilichobadilika ni mdudu. Enzi za mama yake adui mkubwa alikuwa fukusi, na ganda lililofunika vizuri pamoja na moshi vilimchelewesha. Dumuzi, ambaye wengi mnamwita Scania kwa jina la lori, hakuwepo Afrika.

Kwao ni wapi?

Dumuzi (jina la kitaalamu Prostephanus truncatus) ni mwenyeji wa Mexico na Amerika ya Kati. Ukoo wake ni wa wadudu wanaotoboa miti. Ukimtazama utaona: urefu milimita 3 hadi 4, mwili wa mviringo kama kipande cha kijiti, nyuma kama amekatwa kwa kisu, kichwa kimeinama chini ya kifua. Hilo ni umbo la mdudu wa kuchimba. Mpaka leo anaweza kuishi porini kwenye miti mikavu.

Watu wa Mexico walianza kulima mahindi takriban miaka 9,000 iliyopita. Kwa mdudu huyu, gunzi kavu ni kama tawi kavu lililojaa chakula. Lakini kwao yupo pia mdudu mwingine, Teretrius nigrescens, anayemwinda na kumla. Alipokuja huku, adui yake hakuja naye.

Safari yake

Aliingia Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, na inaaminika alikuja na mahindi yaliyotoka nje. Mwaka 1981 wataalamu wakatoa taarifa rasmi. Katika utafiti wa miaka ile, mahindi yaliyohifadhiwa kwenye magunzi yalipoteza hadi asilimia 34 ya uzito kwa miezi michache tu. Piga hesabu: kati ya magunia kumi, zaidi ya matatu yamekuwa vumbi.

Mwaka 1983 alionekana Taveta, Kenya. Mwaka 1984 akaonekana Togo, mbali kabisa huko Afrika Magharibi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alikuwa ameshafika kaskazini mwa Malawi, ng'ambo ya mto Songwe. Anaruka, ndiyo, lakini safari ndefu alizifanya ndani ya magunia, kwa reli na kwa malori ya mahindi na makopa.

Tulijifunza nini?

Tabora ilitufundisha kwamba gunzi ndilo linalompa nguvu. Punje zikiwa zimeshikana anapata mahali pa kujikaza na kutoboa. Zikipukuchuliwa zinacheza, naye anapata shida. Ndiyo maana wakulima walihimizwa kupukuchua na kuchanganya dawa ya unga. Dawa hiyo ina viambato viwili: pirimifosi-methili kwa ajili ya fukusi na permethrini kwa ajili ya dumuzi. Ukinunua yenye kiambato cha fukusi peke yake, dumuzi anaendelea kula.

Mwaka 1992 Kenya waliachia yule adui yake wa asili, baada ya Togo kufanya hivyo mwaka 1991. Amesaidia baadhi ya maeneo, lakini usimtegemee akuokolee ghala ambalo limeshaingiliwa.

Ya kufanya msimu huu

1. Usichelewe kuvuna. Mashambulizi huanzia shambani.
2. Kausha sana, maana Kyela mvua ni nyingi. Pima hivi: weka chumvi kavu na punje kwenye chupa kavu ya kioo, tikisa, acha dakika chache. Chumvi ikinata kwenye kioo, rudisha mahindi juani.
3. Pukuchua na upepete.
4. Fagia ghala, choma mabaki na magunzi ya zamani. Angalia na nguzo zenye matundu.
5. Changanya dawa kwa kipimo cha kwenye lebo, au tumia mifuko isiyopitisha hewa. Mfuko ukitoboka, kinga imekwisha.
6. Usiweke mahindi mapya karibu na ya zamani, wala karibu na makopa.
7. Kagua kila wiki mbili. Ukiona unga, usingoje.

Mama yule tulipukuchua na kupepeta pamoja. Katika magunia matatu aliyotegemea, lilibaki moja na debe mbili, na watoto bado wako shule. Tusingoje mwingine apigwe hivyo. Ukiona unga chini ya dari lako leo, niite leo.