Skrini Moja, Watu Wengi: Ctrl+Alt+F3 Ilitoka Wapi?

Leo ni historia ya kitu kidogo ambacho wengi wetu tunakiona kama uchawi.

Uko kwenye kompyuta ya Ubuntu, unabonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja, picha zote zinaondoka. Inabaki skrini nyeusi yenye maandishi, inakuuliza jina na neno la siri. Wengine wanasema mashine imekufa, wanachomoa umeme. Haijakufa. Umehamia tu chumba kingine cha nyumba ile ile, na kazi yako iko vilevile kule ulikotoka.

Turudi nyuma. Mwaka 1969, kule Marekani, Ken Thompson na Dennis Ritchie walianza kutengeneza Unix katika Bell Labs. Wakati huo kompyuta ilikuwa ghali sana, kwa hiyo watu wengi walitumia moja. Kila mtu alikaa kwenye teletaipu yake, yaani mashine ya kuchapa iliyounganishwa na kompyuta kwa waya. Ile inayoitwa Teletype Model 33 haikuwa na skrini: majibu yalitoka kwenye karatasi, herufi 10 kwa sekunde. Lakini kila mmoja alikuwa na jina lake, neno lake la siri na faili zake. Baadaye skrini zilichukua nafasi ya karatasi, ila kifupi cha teletaipu, tty, kikabaki. Mpaka leo Linux inaziita skrini hizo tty1, tty2, tty3.

Kompyuta za nyumbani zilipokuja, mambo yaligeuka: kibodi moja, skrini moja. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa chuo kikuu Helsinki, alianza Linux kwenye kompyuta ya namna hiyo. Januari 1992 likatoka toleo 0.12, na ndani yake mlikuwa na konsoli pepe. Unashika Alt na kitufe cha F, unahama skrini moja hadi nyingine, kana kwamba una mashine kadhaa mezani. Waya ziliondoka, lakini wazo ni lile lile: kila skrini ina mlango wake na ufunguo wake.

Mwaka 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini akatuletea Ubuntu, iliyojengwa juu ya Linux. Mwaka uliofuata ikaja ndugu yake, Kubuntu. Mrundi akisikia jina hilo anacheka, maana kwa Kirundi ni kusema "bure". Na kweli ni bure, ndiyo maana inafaa vyumba vyetu vya kompyuta.

Sasa, hii inatuhusu nini? Tunapokezana mashine. Nimeona zaidi ya mara moja: kijana anafunga skrini ya picha, anaenda zake, kumbe kule F3 jina lake bado liko wazi. Anayekuja nyuma akibonyeza vile vitufe, anaingia bila kuulizwa kitu. Na faili zetu si mchezo. Kuna barua za kuomba hifadhi, kuna maelezo ya kwa nini mtu alikimbia, kuna majina ya ndugu waliobaki nyumbani. Hayo yakifika kwa mtu asiyefaa, kuna anayeweza kuumia.

Basi, kabla ya kuinuka kwenye kiti, andika who ubonyeze Enter: utaona nani bado yuko ndani na kwenye tty gani. Kila skrini ya maandishi uliyoifungua, andika exit. Kurudi kwenye picha, jaribu Ctrl+Alt+F1 au F2. Kwenye Ubuntu za zamani ni F7. Halafu toka na huko pia, usifunge skrini tu.

Na ninyi ndugu zetu wa mashirika, hapa Giheta au kule Gasorwe, tafadhali msitupe jina moja la kuingilia kwa chumba kizima. Watu wa 1969 walikuwa na mashine moja, na bado kila mtu alipewa jina lake. Kuwa na kompyuta chache si sababu ya mtu kukosa siri yake. Kumfungulia kila kijana jina lake kunachukua dakika chache, na ni kubuntu.