Mtungi Mmoja, Mirija Mingi: Mazungumzo ya Jioni katika Bugufi

Katika mwambao wa Bahari ya Hindi, mtu akitaka kuwakutanisha majirani wazungumze, huwaketisha barazani, akatandika jamvi, nao wakala katika sinia moja. Katika vilima vya Ngara mambo yalikuwa mengine, na tofauti hiyo yafaa ichunguzwe na sisi tuliozoea kuufundisha utamaduni wa Taifa kana kwamba ulikuwa wa namna moja.

Mugoma ni kata ya Wilaya ya Ngara, mkoani Kagera, katika nchi ya Wahangaza, ambao lugha yao inakaribiana sana na Kirundi. Katika ukanda huo, Rwanda na Burundi zikiwamo, kula lilikuwa jambo la ndani ya nyumba. Mtu mzima, hasa mwenye cheo, aliona haya kuonekana akitafuna mbele za watu. Kunywa ndiko kulikofanywa hadharani. Kwa hiyo karamu iliyowakusanya watu haikuwa ya sahani, bali ya mtungi.

Ndizi zilivundikwa shimoni siku kadhaa hata zikaiva, zikamenywa na kukamuliwa kwa nyasi. Maji yake yakachanganywa na unga wa mtama uliokaangwa, yakaachwa yachachuke. Kazi yote hiyo ilizaa kinywaji kisichokaa. Pombe ya ndizi ikishakuwa tayari yapasa inywewe upesi, kabla haijageuka siki. Tunadhani hapo ndipo penye asili ya ukarimu huu unaosifiwa mno: mwenye mtungi asingeweza kuuweka akiba wala kuumaliza peke yake, naye aliyenywa leo alijua kuwa zamu yake ya kualika inakuja.

Wageni walikaa kuuzunguka mtungi, wakanywa kwa mirija ya matete, ambayo Warundi huiita imiheha. Mwenyeji alionja kwanza mbele yao ili wajue kuwa hamna sumu. Msomaji asidhani kwamba ilikuwa adabu tupu. Miongoni mwa walioketi palikuwa na watu wenye ugomvi wa mpaka wa shamba, wa mahari au wa mifugo. Na aliyekubali kunywa mtungi mmoja na hasimu wake alikuwa ametoa tamko zito kuliko kiapo, mbele ya mashahidi. Nchini Burundi wazee waamuzi, abashingantahe, walimaliza mashauri kwa namna hiyohiyo: waliopatanishwa walikunywa pamoja.

Hata hivyo, hatuna budi kusema kweli. Mwalimu Nyerere alipoandika juu ya ujamaa mwaka 1962, aliitaja jamii ya jadi kuwa shina lake, na waandishi wengi waliomfuata wakaipamba jamii hiyo kupita kiasi. Duara la mtungi lilikuwa na ngazi zake. Aliyeketi karibu na mwenyeji hakuwa sawa na aliyeketi mlangoni; vijana walisikiliza kuliko kusema; na wanawake, waliosaga mtama na kuchota maji ya pombe hiyo, mara nyingi walikuwa na mazungumzo yao mbali, penye mafiga. Huko ndiko watoto walikopokea hadithi na vitendawili. Wanafunzi wanaokusanya masimulizi kwa wazee wa kiume tu wanarudi na nusu ya historia.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walipewa Tanganyika na Wabelgiji Ruanda-Urundi. Bugufi ikabaki Tanganyika, na jamaa waliokuwa wakialikana wakajikuta chini ya serikali mbili. Utawala wa machifu ulikomeshwa mwaka 1963. Kisha ugomvi mdogo ukapelekwa kwa balozi wa nyumba kumi, ambaye naye, kama wazee waliomtangulia, alitakiwa kusikiliza kabla ya kuamua.

Jaribio kubwa la ukarimu huo lilikuja baadaye. Baada ya Rais Melchior Ndadaye wa Burundi kuuawa mwezi Oktoba 1993, Warundi wengi walikimbilia Ngara. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, wakapigishwa kambi Benaco. Walioingia na waliowapokea waliweza kusemezana bila mkalimani. Lakini miongoni mwa wakimbizi walikuwamo pia waliomwaga damu kwao, na mwenyeji wa Ngara aliyemkaribisha mgeni hakuwa na njia ya kujua ni yupi aliyeketi naye.