Pweza Alivyopanda Cheo: Kutoka Karai la Mtaani Mpaka Meza za Masaki

Ijumaa usiku, Masaki, Dar es Salaam. Mgahawa mpya wa vyakula vya baharini umefunguliwa na mji mzima unaongelea huo tu. Taa za njano, upepo wa bahari, muziki wa chini chini. Meza ya pembeni wamekaa mdada na mshkaji wake. Simu ziko tayari, maana siku hizi chakula kinaliwa na kamera kwanza.

Sahani inaletwa. Ni mnyiri mmoja wa pweza, yaani ule mkono wake, umechomwa vizuri, umelazwa juu ya viazi vilivyopondwa, pembeni kipande cha limau. Mshkaji anaangalia sahani, anaangalia menyu, anarudi tena kwenye sahani.

"Bebi, kwa hela hii pale Magomeni ningechukua sinia zima, na supu juu."

"Kula bwana, acha ushamba."

Wanacheka, picha inapigwa, maisha yanaendelea. Lakini jamaa hakukosea hata kidogo. Pweza huyo huyo anayeuzwa kwa kijiti kando ya kituo cha daladala ndiye huyu aliyevalishwa suti. Alipandaje cheo hivi? Na wale waliomleta mpaka hapo, wao walipanda naye au waliachwa kituoni?

MGENI ALIYEANDIKA, WENYEJI WALIOVUA

Habari za watu wa pwani hii kuvua zimeandikwa tangu kitambo sana. Karibu miaka 2000 iliyopita, katika karne ya 1, mfanyabiashara mmoja aliandika kwa Kigiriki kitabu cha kuongoza mabaharia, kinachoitwa Periplus. Jina lake halijulikani mpaka leo. Anataja bandari ya Rhapta, ambayo wasomi bado wanabishana ilikuwa wapi hasa, na kisiwa anachokiita Menuthias. Wengine wanasema ni Pemba, wengine Unguja, wengine Mafia.

Kwenye kisiwa hicho anasema wenyeji walikuwa na vyombo vilivyoshonwa kwa kamba na mitumbwi ya kuchonga, na walitega vikapu vya kusuka kwenye mikondo ya maji. Kama umewahi kwenda kijiji chochote cha wavuvi hapa pwani, hicho kitu unakijua. Ni dema. Mpaka leo madema yanasukwa na samaki wanaingia.

Waliochimba magofu ya Kilwa na miji mingine ya zamani ya Waswahili wamekuta mifupa ya samaki kibao. Changu, pono, chewa, watu walikula na mifupa ikabaki ardhini kama ushahidi. Sasa hapa ndipo pweza anapopotea. Pweza hana mfupa. Unamla, anaisha, haachi kitu. Unaweza kumla miaka elfu na ardhi isikukumbuke.

Na waliomvua yamewakuta hayo hayo.

WANAWAKE WA BAMVUA

Kwa miaka mingi kumvua pweza miambani kwa miguu ilikuwa kazi ya wanawake zaidi. Hakuhitaji chombo, wala nyavu, wala mtaji. Alihitaji macho na subira. Mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, kunakuwa na bamvua. Maji yanakupwa mpaka mbali na miamba inabaki wazi. Hapo wanawake wa vijiji vya pwani na visiwani wanafunga kanga vizuri, wanachukua fimbo ndefu yenye ncha, wanashuka.

Sio kazi ya kubahatisha. Pweza anabadilika rangi akafanana na jiwe, unaweza kumkanyaga usimjue. Mjuzi haangalii pweza, anaangalia nyumba yake. Mlangoni pa tundu kuna vijiwe vilivyopangwa na maganda ya kaa na kome aliokula jana. Ukiona jalala dogo namna hiyo, mwenyewe yupo ndani. Anachokolewa kwa fimbo, anatoka, anapigwapigwa kwenye jiwe mpaka alainike. Elimu hiyo bibi alimpa mama na mama akampa binti, na hakuna aliyeiandika.

Pweza huyo alikwenda wapi? Kwanza chunguni. Pweza wa nazi kwa wali, chakula ambacho mtu wa pwani hahitaji kuelezwa. Aliyezidi alianikwa juani akakauka, maana hakukuwa na barafu. Enzi hizo bahari ilisafiri mikavu: pweza mkavu, ng'onda, na papa mkavu ambaye majahazi yalimleta hata kutoka Oman na kusini mwa Arabuni wakati wa kaskazi. Kitoweo kilikuwa kinanuka, lakini kilifika.

Hela ya pweza ilikuwa ndogo, ila ilikuwa ya mwanamke mwenyewe. Ya chumvi, ya daftari la mtoto, ya kanga ya sikukuu. Hakuomba mtu. Kwenye habari hii hiyo ndiyo sehemu ya kushika kuliko zote.

MJI ULIOGEUZIA WAVUVI MGONGO

Kabla ya kuitwa Dar es Salaam palikuwa na Mzizima, kijiji cha wakulima na wavuvi. Miaka ya 1860 Sultani Majid wa Zanzibar akaanza kujenga mji wake hapo, akafariki 1870 kabla haujasimama. Wajerumani wakaja, na mwaka 1891 wakaufanya makao makuu. Baada ya vita ya kwanza ya dunia wakaingia Waingereza.

Kuanzia miaka ya 1920 Waingereza waligawa mji katika maeneo matatu. Kwenye karatasi ilikuwa habari ya aina ya nyumba zinazoruhusiwa kujengwa. Mtaani kila mtu alijua maana yake: Wazungu kule, Wahindi katikati, Waafrika Kariakoo na Ilala. Na "kule" palikuwa wapi? Palipo na upepo. Oyster Bay, kando ya bahari, pakawa mahali pa Wazungu.

Cheki sasa kituko hiki. Watu ambao mababu zao walitega madema hapa walipangwa waishi mbali na maji, na waliofika juzi ndio wakakaa wanatazama bahari. Upande wa pili wa rasi hiyo hiyo kulikuwa na Msasani, kijiji cha wavuvi, na wavuvi wapo mpaka leo. Ukiwa umekaa kwenye baadhi ya migahawa ya upande huo unaziona ngalawa zao. Zinatoka vizuri sana kwenye picha.

Uhuru ulikuja 1961, mipaka ile ikafutwa kwenye sheria. Kwenye bei ya viwanja haikufutika. Ndiyo maana mgahawa mpya wa samaki ukifunguliwa hausikii umefunguliwa Tandale.

KARAI, KIJITI NA KACHUMBARI

Mtaa nao haukusubiri kualikwa. Samaki walishushwa Magogoni, sehemu ambayo wengi tunaiita Feri, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 likajengwa pale soko la kisasa kwa msaada wa Japani. Ukienda alfajiri utakuta dunia nzima: wanadi wanaopiga mnada kwa sauti zilizokauka, vijana wanaopara samaki, akina mama wanaokaanga kwenye moshi tangu jua halijatoka. Kila sahani ya samaki mjini, ya bei yoyote ile, imepitia mikono ya namna hiyo.

Kutoka hapo ndipo anapoanza safari muuza pweza. Meza ndogo, pweza waliochemshwa wakawa wekundu, kisu kikali, vijiti, kachumbari, pilipili ya kutoa machozi, na sufuria ya supu. Anakatakata vipande vidogo, unachoma kijiti, unakula umesimama. Hesabu inatunzwa kichwani na kwa uaminifu. Bosi aliyeshuka kwenye gari na konda wa daladala wanasimama bega kwa bega.

Na tusizunguke, kuna ile stori ya supu ya pweza na wanaume. Kila jioni kuna mtu anakunywa kikombe huku anaangalia pembeni kama amekuja kuuliza njia. Wauzaji wanaijua hiyo biashara na wanaipigia debe kwa vicheko. Kama ni kweli au ni kichwani, hilo kila mtu na nyumba yake. Kilicho wazi ni kwamba utani huo umesomesha watoto wengi.

Kwa hiyo kwa miaka hiyo pweza alikuwa wa kila mtu. Hakuwa chakula cha hadhi, na hakuna aliyeona aibu.

ULAYA ILIPOPIGA HODI

Mambo yalibadilika kuanzia miaka ya 1990. Ulaya, hasa Hispania, Italia na Ureno, watu wanampenda pweza vibaya mno. Biashara huku ilikuwa imefunguliwa, mitambo ya kugandisha ikafika, na wanunuzi wakaweka mawakala mpaka visiwani. Mafia, Songosongo kule Kilwa, na vijiji vya Pemba na Unguja, kote pweza akawa anapimwa kwenye mzani na kuwekwa kwenye barafu. Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zinazovua pweza wengi zaidi upande huu wa Bahari ya Hindi.

Bei ikapanda. Habari njema, sivyo? Ngoja kwanza.

Bei ilipopanda, wanaume nao wakaiona kazi. Wakaingia na miwani ya kuzamia na boti, wakamfuata pweza kwenye maji marefu, hata siku ambazo hakuna bamvua. Mwanamke wa fimbo anasubiri maji yakupwe, na yakikupwa anakuta matundu yameshapitiwa. Wapo wanawake wanaovua mpaka leo, na wapo waliotengeneza hela nzuri. Ila ile kazi iliyokuwa yao sasa ni ya kugombania.

Ongeza na baruti. Uvuvi wa mabomu ulianza pwani ya Tanzania miaka ya 1960 na sheria iliupiga marufuku mwaka 1970, lakini uliendelea miaka na miaka. Bomu moja linaua samaki, sawa, ila linavunja pia matumbawe, na matumbawe ndiyo nyumba ya pweza.

Na hili la pwani halikuwa la kwanza. Watu wa Mwanza wanakumbuka sangara. Viwanda vya minofu vilipoanza kusafirisha nje, nyama ilipanda ndege, na wenyeji wakabaki na mapanki, yaani vichwa na mifupa. Kila chakula cha kawaida kikipendwa na mwenye hela zaidi, aliyekuwa anakila tangu mwanzo anasogezwa pembeni ya sahani.

MWAMBA UNAPOPUMZISHWA

Lakini hii habari haiishii kwenye kilio, maana pweza ana siri moja. Anakua haraka ajabu. Maisha yake ni mwaka mmoja na kidogo, na akiachwa miezi michache tu anaongezeka uzito mara kadhaa. Jike likishataga hulinda mayai bila kula mpaka yanapoanguliwa, kisha linakufa.

Mwaka 2004, kijiji cha Andavadoaka huko Madagaska kilijaribu kitu rahisi: kufunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa, mtu asiguse. Walipofungua walikuta pweza wakubwa na mavuno ya maana. Habari ikasambaa. Miaka ya 2010 Kisiwa Panza, Pemba, wakafanya hivyo hivyo, na vijiji vingine vya pwani yetu vikaiga. Wanakijiji wenyewe ndio walinzi. Sio rahisi, maana kufunga mwamba ni kumwambia mama avumilie miezi bila ile hela, na siku ya kufungua wageni nao wanakuja na boti. Lakini pale ambapo watu walisimama pamoja, ilifanya kazi.

Kanuni za uvuvi nazo zinakataza kuvua pweza aliye chini ya nusu kilo. Sasa wewe unayekula bata Ijumaa, kuna swali moja dogo la kumuuliza mhudumu: huyu pweza ametoka wapi, na alikuwa na ukubwa gani? Mhudumu akikosa jibu, amuulize mpishi. Mpishi akikosa, amuulize aliyemletea. Swali hilo likiulizwa kwenye meza nyingi, litafika mpaka kwenye mwamba.

Turudi Masaki. Bili imekuja, imelipwa kwa simu, mdada anamalizia kuchagua picha. Kwenye posti ataweka jina la mgahawa, jina la mpishi, na la aliyeshona gauni lake. Hakuna mahali pa kuweka la mwanamke aliyeshuka na fimbo maji yalipokupwa.

Njiani kurudi mshkaji anaomba gari isimame. Anashuka, anakwenda kwenye meza yenye taa ndogo, anachoma kijiti.

"Leo vidogo hivi, kaka?"

"Wakubwa wanakwenda kwa mabosi, mdogo wangu," anajibu muuzaji, huku anamimina supu. "Huku tunabaki na hawa. Pilipili niweke?"