Kabureta na msamiati wa kuirekebisha

KABURETA, nomino, ngeli ya I-/ZI-: kabureta hii imeziba, kabureta hizi zimeziba.

Silabi: ka-bu-re-ta, mkazo huangukia -re-.

Maana: kifaa cha injini ya petroli kinachochanganya hewa na petroli kwa uwiano unaofaa kabla mchanganyiko huo haujaingia katika silinda.

Asili: limetoholewa kutoka neno la Kiingereza carburettor, ambalo chimbuko lake la mbali ni carbo la Kilatini, yaani makaa. Mzizi huohuo ndio uliotupatia kaboni. Kifaa chenyewe ni rika la pikipiki: pikipiki ya petroli waliyoiunda Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach nchini Ujerumani mwaka 1885 ilikuwa tayari na kabureta.

Tahajia: katika mazungumzo husikika pia kabuleta. Katika maandishi sanifu andika kabureta.

Maelezo ya matumizi

Katika mwalo wa Mwigobero, mjini Musoma, mitumbwi hushusha abiria na mizigo, na bodaboda husubiri kuwapokea. Baadhi ya madereva huondoa chujio la hewa wakitaraji nguvu zaidi, au hukata ekzosi ili pikipiki ingurume. Kinachofuata ni safari ya kwa fundi, kwa kuwa kabureta iliyopangwa kiwandani haikupangwa kwa mabadiliko hayo. Mafunzo ya kazi hiyo hutolewa kwa Kiswahili, lakini vitabu vya mwongozo aghalabu huandikwa kwa Kiingereza. Mfasiri anayesimama katikati ana wajibu mzito. Katika msamiati huu yapo maneno ambayo, yakikosewa, hayapunguzi ufasaha tu. Huielekeza kazi upande ulio kinyume.

Jambo la msingi ni uwiano. Ili petroli iungue yote, kilo moja yake huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa. Chujio likiondolewa au ekzosi ikifunguliwa, mwendo wa hewa hubadilika, na kwa kawaida petroli huwa pungufu. Injini hupata joto kupita kiasi, na ikiendeshwa hivyo kwa mzigo mzito, pistoni yaweza kuyeyuka au kutoboka. Petroli ikizidi, ekzosi hutoa moshi mweusi, plagi hushika masizi, na petroli ya ziada huosha oili katika kuta za silinda.

Mahali nako kuna athari. Ziwa Viktoria liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya Musoma ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu sehemu moja ya kumi. Kwa hiyo pikipiki iliyopangwa vizuri pwani huelekea kuzidisha petroli kidogo ikifika Mara. Vipimo vya mwongozo vifasiriwe kama vilivyo, lakini visielezwe kuwa vinafaa kila mahali.

Maneno yanayohitaji tahadhari

1. Sailensa. Katika matumizi ya mafundi wa Tanzania, sailensa ni hali ya injini kuunguruma taratibu bila kuongezewa resi: “Pikipiki inazima ikiwa kwenye sailensa.” Silencer ya Kiingereza ni kitu kingine kabisa; ni sehemu ya ekzosi inayopunguza kelele. Sentensi ya mwongozo inayoagiza kufungua silencer isifasiriwe “fungua sailensa”. Msomaji atashika bisibisi na kugusa skrubu ya kabureta, ilhali alitakiwa kushika spana na kugusa bomba. Tumia kizuia sauti cha ekzosi kwa kifaa, na mngurumo wa sailensa kwa hali ya injini.

2. Mchanganyiko “tajiri” na “mwembamba”. Kiingereza husema rich na lean. Tafsiri ya neno kwa neno hutoa mchanganyiko tajiri na mchanganyiko mwembamba, semi ambazo hazimwambii msomaji ni kipi kimezidi, hewa au petroli. Fundi husema waziwazi: mafuta yanazidi, au inakosa mafuta. Katika maandishi rasmi andika mchanganyiko wenye petroli iliyozidi na mchanganyiko wenye petroli pungufu. Ni semi ndefu, lakini hazina utata.

3. Mafuta. Neno hili hubeba petroli, dizeli, oili ya injini, hata mafuta ya kupikia. “Inachoma mafuta” yaweza kuwa petroli iliyozidi au oili inayopenya kwenye ringi. Rangi ya moshi hutofautisha: mweusi ni dalili ya petroli iliyozidi, wa buluu ni dalili ya oili inayoungua. Katika maandishi ya kiufundi taja petroli au oili, kisha liachie neno mafuta mazungumzo.

4. Skrubu ya hewa. Jina hili hutumiwa kwa skrubu mbili zenye tabia zinazopingana. Iliyo upande wa chujio la hewa hudhibiti hewa: ikilegezwa, hewa huongezeka na petroli huwa pungufu. Iliyo upande wa injini hudhibiti mchanganyiko: ikilegezwa, petroli huongezeka. Anayeziita zote skrubu ya hewa, kisha akaandika “legeza nusu mzunguko”, atakuwa amewapa wasomaji wawili maagizo yaliyo kinyume. Ya kwanza iite skrubu ya hewa, ya pili skrubu ya mchanganyiko, nawe utaje mahali ilipo.

5. Kupandisha sindano na kupandisha klipu. Sindano ya kabureta huning’inia kwa klipu iliyobanwa katika moja ya mifuo iliyo karibu na ncha yake ya juu. Klipu ikihamishiwa mfuo wa juu, sindano hushuka na kuziba zaidi tundu lake, petroli hupungua. Klipu ikishushwa, sindano hupanda, petroli huongezeka. Basi “pandisha sindano” na “pandisha klipu” ni amri mbili zinazopingana. Hili ndilo kosa jepesi zaidi kufanywa na mtu asiyewahi kufungua kabureta.

Msamiati unaohusiana

Boya (LI-/YA-): kifaa kinachoelea katika bakuli la kabureta na kufunga petroli inapofika kimo chake.

Jeti (I-/ZI-): kijiti cha shaba chenye tundu la kupitishia petroli. Jeti ndogo huhudumia sailensa na resi ya chini. Jeti kubwa huhudumia resi ya juu. Kati ya hizo, takriban kutoka robo hadi robo tatu ya mzunguko wa mshiko wa resi, sindano ndiyo hutawala. Namba ya jeti si kipimo kimoja kwa wote: kwa baadhi ya watengenezaji hudokeza kipenyo cha tundu, kwa wengine kiasi cha petroli ipitayo. Namba 100 ya mmoja si lazima ilingane na namba 100 ya mwingine.

Choki (I-/ZI-): kizuizi cha hewa kinachotumika injini ikiwa baridi.

Kupiga resi: kuongeza kasi ya injini kwa kusokota mshiko.

Kuseti: kurekebisha ili kifaa kifanye kazi inavyopasa. Ni la mazungumzo. Katika maandishi rasmi tumia kurekebisha au kupanga.

Plagi (I-/ZI-): kifaa cha kutoa cheche. Rangi ya ncha yake husomwa na fundi: kahawia ni dalili njema, nyeupe huashiria petroli pungufu, nyeusi yenye masizi huashiria petroli iliyozidi.

Mifano katika sentensi

“Fundi, tangu nikate ekzosi, sailensa haishiki.” “Kaka, hewa imebadilika. Tuanze na plagi kabla hatujagusa jeti.”

Jeti kubwa iliongezwa namba moja baada ya nyingine, na kila mara plagi ilikaguliwa upya.

Alipandisha klipu akidhani anaongeza petroli. Kabla hajafika Bunda injini ilikuwa imechemka.

Ushauri kwa watafsiri na walimu

Kila agizo la kurekebisha liwe na mambo matatu: sehemu inayoguswa, mwelekeo wa kuigeuza, na matokeo yanayotarajiwa. “Legeza skrubu ya mchanganyiko robo mzunguko ili petroli iongezeke” ni sentensi inayojilinda: msomaji akigusa skrubu isiyo yake, matokeo yatamwonyesha kuwa amekosea. “Legeza skrubu kidogo” haina kinga hiyo.

Mwalimu asiwakataze wanafunzi kutumia lugha ya gereji. Maneno kama sailensa, resi na jeti yamekwisha kuota mizizi, na mengi hayana mbadala uliozoeleka. Kinachohitajika ni kufundisha mipaka yake. Kwa dereva wa mkataba, anayempelekea mwenye pikipiki hesabu kila siku au kila wiki hadi chombo kiwe chake, pistoni iliyotoboka ni siku kadhaa bila kazi huku hesabu ikimsubiri. Gharama hiyo yaweza kuanzia kwenye neno moja lililofasiriwa na mtu ambaye hakujiuliza skrubu iko upande gani.

Tazama pia: chujio, ekzosi, injini, plagi, uwiano.