Herufi ya London Katika Soko la Busia

Atokaye Busia ya Kenya akavuka forodha kuingia Busia ya Uganda hupita vibanda vya wapiga chapa, ambamo mikataba, barua za maombi na kadi za arusi huandikwa kutwa kucha. Na ingawa lugha hubadilika karatasi kwa karatasi, sura ya herufi aghalabu ni moja, ile yenye vijiguu vyembamba nchani, iitwayo Times New Roman.

Herufi hiyo haikukusudiwa kwa ajili yetu. Mwaka 1929 mtaalamu wa chapa Stanley Morison alilitia ila gazeti la The Times la London kwa chapa yake chakavu, na wenyewe, badala ya kughadhibika, wakamtaka alete iliyo bora. Naye akamwelekeza mchoraji Victor Lardent, kiolezo chao kikiwa chapa ya Plantin, hata tarehe 3 Oktoba 1932 gazeti likatoka na sura mpya. Hekima yake ni ubahili: herufi nyembamba, zilizosongamana bila kugombana, ili safu moja ibebe maneno mengi.

Lakini vijiguu vilitufikia kabla ya Morison. Biblia ya Kiganda, iliyokamilika mwaka 1896 na kukatwa fupi na nene ipate kuenea katika kopo la biskuti, mchwa wasiifikie, ilikuwa tayari mikononi mwa watu wakati jemadari Semei Kakungulu na Waganda wake walipoingia Bukedi, nchi ya Tororo, wakaifanya lugha yao kuwa lugha ya baraza na ya kanisa. Mwaka 1902 mpaka wa Uganda ukahamishwa, mito Malaba na Sio ikawa kingo, na ndugu wa Samia na wa Teso wakajikuta chini ya serikali mbili.

Hapo ndipo sauti moja ilipopata mavazi mawili. Upande wa Kenya, kama katika Kiswahili, twaandika ng'ombe kwa alama ya ritifaa; Kiganda, kwa kanuni za 1947, huandika eŋŋoma, yaani ngoma, kwa herufi ya peke yake. Mimi naiona ŋ kuwa safi zaidi, ila siwalaumu walioikwepa: zama za chapa ya risasi kila herufi ilikuwa kipande cha madini, na ŋ ilipasa kuagizwa, ilhali ritifaa imo katika kila matbaa, haina gharama.

Kompyuta imeondoa gharama, isiondoe taabu. Mpiga chapa wa Tororo, asiyeiona ŋ kwenye vitufe vyake, huitafuta katika orodha ya alama au huandika ng' kama jirani yake wa mji wa Malaba, upande wa Kenya. Na akiipata ile kubwa, Times New Roman humpa Ŋ yenye umbo la N iliyofungwa mkia, umbo walilolizoea Wasami wa kaskazini ya Ulaya, wala si ile n iliyokuzwa tu ambayo vitabu vya Afrika vimeizoea.